Nuh Mowlid, Aliyeitafutia Picha ya Baba Sauti

Bismillahi. Masheikh, wazee wetu, akina mama mlio upande wa pili wa turubai, majirani, nanyi wageni mliosafiri kutoka Nairobi hadi hapa Garissa, assalamu alaykum. Naitwa Yakub Mowlid, mwalimu, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kwa Kiswahili ili kila mgeni afuate. Hooyo, mama yetu, alisomewa yote jana kwa Kisomali na akasahihisha tarehe mbili.

Marehemu Nuh Mowlid Yarow alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 karibu na visima vya Griftu, Wajir, mtoto wa kwanza wa marehemu Mowlid Yarow, mfugaji wa ngamia, na Rahmo Diriye. Wageni wajue jambo moja kabla sijaendelea, kwetu ngamia hanyweshwi kimya kimya. Ndoo hupandishwa kwa kamba, kila mvuto una mstari wake wa wimbo, kila kundi la ngamia lina wimbo wake, na ngamia akiusikia wa kwao huuendea. Wetu ulitungwa na babu Yarow, unawataja ngamia kwa majina, na unahitaji watu wawili, mmoja wa kuita na mmoja wa kuitikia. Aliyeita alikuwa baba, na aliyemwitikia tangu akiwa na miaka saba alikuwa Nuh.

Alisoma shule ya msingi pale Griftu kuanzia 1992 hadi 1999, kisha sekondari hapa Garissa, akamaliza Novemba 2003, na matokeo yake sitayasoma kwa sababu yeye mwenyewe aliyaficha. Mwaka 2004 aliajiriwa kwenye studio ya video za harusi, na Januari 2009 akafungua yake, na nadhani nusu ya waliokaa hapa wamewahi kumulikwa na taa yake na kuambiwa wasitazame kamera. Tarehe 6 Juni 2010 alimwoa Ilwad Abshir, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Idman, Awil na Filsan, ambaye ana miaka minne.

Sasa nisimulie kazi moja ambayo haikuwa ya harusi ya mtu. Tarehe 23 Agosti 2008 Nuh alikuja Griftu na kamera ya tajiri wake, akampiga baba picha ya video akinywesha ngamia, dakika ishirini na mbili, baba mzima kabisa, kamba mkononi, anaimba. Siku hiyo niliitikia mimi, vibaya, maana Nuh alikuwa nyuma ya kamera. Aliporudi mjini akagundua kwamba waya wa maikrofoni haukuchomekwa. Picha ilikuwa safi, lakini sauti haikuwepo hata kidogo. Alisema atarudi, na harusi zikawa nyingi, na tarehe 11 Januari 2011 baba akafariki. Ukame wa mwaka huo ukafuata ukamaliza karibu kundi letu lote, na waliosalia, ngamia saba, akapewa adeer Bulle, ndugu yake baba, awatunze.

Kosa hilo Nuh hakujisamehe. Mwaka 2012 alijaribu kulirekebisha kwa haraka, akachukua wimbo wa kisimani uliorekodiwa Buna, akaupandisha juu ya picha ya baba, akawaita wazee waone. Ndugu zangu, haikufika dakika mbili. Adeer Bulle alisimama akasema, "Zima, Nuh! Hao ni ngamia wetu, mbona unawaita kwa mdomo wa watu wengine?" Hooyo alijifunika uso kwa shungi akatoka nje. Wimbo ule wa Buna ni mzuri, sina ugomvi na watu wa Buna, lakini siku hiyo niliona kwa macho yangu kwamba sauti ikiwekwa juu ya picha isiyo yake inaweza kumwondolea mtu baba yake mara ya pili.

Mimi na Nuh tulijua kuitikia tu. Aliyebaki akijua sehemu ya kuita ni hooyo, aliyesimama kando ya hori la maji miaka yote ile akimsikiliza mumewe. Kila Nuh alipomwomba alikataa, akisema, "Huo ni wimbo wa maji. Nani anakunywa, nimwimbie?"

Mwezi Mei 2023 Nuh aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Mwaka uliofuata akaacha kumbembeleza hooyo, akamwambia jambo moja tu, kwamba angependa kumsikia baba kabla hajamfuata. Baada ya siku tatu mama yetu aliuliza gari la Griftu linaondoka lini.

Tarehe 17 Agosti 2024, saa nne asubuhi, tuliziba madirisha ya darasa moja pale Griftu kwa mablanketi, tukatundika shuka la kurushia picha, na hooyo akakaa kwenye dawati la watoto. Nuh alitega kamera ya kurekodi, akaukagua waya wa maikrofoni mara tatu, nilimhesabia. Picha ikaanza bila sauti, baba akainama, akavuta kamba. Hooyo alitazama mivuto minne, kisha mkono wake ukaanza kugonga dawati, na kwenye mvuto wa tano akaita. Mdomo wa baba ukafunguka kwenye shuka na sauti ikatoka kwa hooyo, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na ndoo ikafika juu pale pale mstari ulipoishia. Nilipata hofu, ile ya mtu aliyefikishwa mbele ya jambo la Mungu, mwili mzima ukanisisimka.

Zamu ya kuitikia ikafika, na mimi niliyepewa kazi hiyo sikuweza kutoa sauti. Aliyeitikia ni Nuh, akiwa nyuma ya kamera, mgonjwa, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia.

Nje, adeer Bulle alikuwa akiwapitisha wale ngamia aliopewa kwenda kunywa maji, wakasimama. Aliwachapa, hawakwenda. Ngamia mmoja mzee, Dero, ambaye yumo kwenye picha ya 2008 akiwa kijana na jina lake limo kwenye wimbo, alikuja hadi dirishani akasukuma blanketi kwa pua, mwanga ukaingia ukafifisha picha, na hakuna aliyemfukuza. Wapo watakaouliza kama nyimbo ni za kutajwa kwenye taazia. Mimi si sheikh, ila najua hapakuwa na ngoma wala kinanda, palikuwa na mke, mtoto na mnyama aliyekumbuka.

Marehemu alizidiwa tarehe 5 Februari 2025, akalazwa hapa Garissa, na akafariki tarehe 9 Februari saa moja asubuhi, tukamzika siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi ishirini na moja, majirani waliompeleka kwenye mashine tusipokuwepo, na wapiga picha wenzake waliofunga studio zao siku tatu hizi.

Jana Ilwad alitafuta sauti ya mumewe ili watoto wasiisahau. Kwenye mamia ya harusi Nuh hayumo, wala kukohoa kwake hakumo, kwa sababu alikuwa hodari wa kazi. Ipo mahali pamoja tu, kwenye dakika zile ishirini na mbili zilizopata sauti darasani, ambapo baba anaita na yeye anaitika. Filsan ameisikiliza asubuhi hii, na wimbo ulipofika pale, aliitika pamoja naye.

Umeitwa tena, walaal, ndugu yangu, na umeitika. Mola akupokee, upumzike kwa amani.