Komeo, Aliyetembea Nyuma Yetu Sote

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwatembeza wageni ufukweni, visiwani na katika hifadhi ya msitu wa mvua, mwenzetu Komeo anastaafu rasmi. Jina lake halisi limo kwenye barua ya ofisi na humo litabaki, kwa sababu tukiliandika hapa nusu ya ukumbi itauliza ni nani huyo. Tulimwita Komeo kwa ajili ya kazi yake. Katika kila msafara wetu yupo anayetangulia na yupo anayefunga mstari, na yeye ndiye aliyeufunga.

Kamati imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natangulia. Wengi mnanijua kama Redio. Ni Komeo aliyenipa jina hilo, na katika kikao cha siku ile hakuna hata mmoja aliyepinga, nami sijawasamehe.

Kwa wale ambao kazi yetu wanaiona kwenye matangazo tu, nieleze kidogo. Wa mbele anaongea, anaonyesha miti na ndege, anasifiwa na kukumbukwa. Wa nyuma ana sheria moja: hampiti mtu. Mgeni akisimama kufunga kamba ya kiatu, naye anasimama. Mgeni akichoka, naye anachoka. Kwenye kila kona mimi napiga mluzi, naye anajibu kwa mluzi wake, maana yake watu wote wapo. Katikati yetu kuna wageni, miavuli na mikoba, kwa hiyo hakuna nafasi ya mazungumzo. Watu wakisikia nimefanya naye kazi miaka kumi na minane hudhani nayajua maisha yake nje ndani, wakati nilichokijua vizuri ni mluzi.

Ndiyo maana tangu barua ya kustaafu ilipofika, mwaka mzima sasa, ofisini hatukujadili zawadi wala keki. Tulijadili ataishi wapi, na ataishi na nani. Mkewe alifariki zamani. Amekuwa akikaa kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya ofisi ya gatini, kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja, na mstaafu haruhusiwi kuendelea kukaa humo. Binti yake, mtoto wake pekee, ni fundi cherehani katika mji wa mbali huko bara, ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu. Huyo alishamwandalia baba yake chumba. Komeo akatuambia kwamba yeye atapanga hapa hapa karibu na gati, awe anasikia boti. Tulimwelewa, lakini tuliogopa. Kusikia boti zikiondoka kila asubuhi bila wewe, halafu kurudi ndani kunywa chai na ukuta, hayo si maisha ya kumtakia mtu tunayempenda.

Alianza kazi akiwa mbeba mizigo. Alikuwa akipakia maji ya kunywa na majaketi ya kuokolea, kisha anakaa gatini mpaka boti irudi. Siku moja mwongozaji wa nyuma aliugua, Komeo akavalishwa fulana ya kampuni iliyomfika magotini, akaambiwa atembee mwisho na asimpite mtu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ni kwa siku hiyo tu.

Ufukweni kazi yake ilikuwa viatu. Wageni wakiyaona maji yale hupoteza adabu zote, hata wale wenye vitambi na vyeo. Huvua viatu huku wanakimbia, na Komeo huviokota, huvipanga jozi kwa jozi na kuketi kando. Alidai kwamba mtu husomeka kwenye soli: anayelika kisigino ana haraka, anayelika upande ana mawazo. Yeye mwenyewe hatukuwahi kumwona majini. Akiulizwa, alijibu kwamba ataingia siku nyingine, bahari haihami.

Mtaona pia kwamba jalada la programu hii ya kumuaga lina picha ya mgongo wa mtu mwenye kofia. Msiilaumu kamati. Tulipekua picha zote za ofisi na hatukumpata, kwani kila kundi lilipotaka kupigwa picha ya pamoja, lilimpa yeye kamera. Hiyo ya mgongo ilipigwa na mtoto wa mgeni aliyekuwa anamlenga kima mtini.

Wapo maharusi waliogombana katikati ya msitu kwa sababu ambayo wenyewe hawakuikumbuka baadaye. Bibi harusi aliketi njiani akasema haendi mbele wala harudi nyuma. Bwana harusi naye akaketi hatua chache mbele yake, kumwonyesha kwamba kuketi hata yeye anajua. Komeo akasimama nyuma yao, mikono mgongoni, akijibu mluzi wangu tu, asishauri wala asikohoe. Mvua ikanyesha, ikakatika. Mimi nilikuwa nimeshalifikisha kundi kwenye geti la hifadhi, nikasubiri mpaka hadithi zikaniishia, jambo ambalo waliokuwepo wanasema halijatokea tena. Mwishowe wakatokea watatu, maharusi wameshikana mikono. Komeo alimwambia meneja kwamba walikuwa wanamtazama ndege. Alipoulizwa ndege gani, alisema ndege mkubwa.

Nahodha wetu ana kisa kingine, ambacho hukianza kwa kicheko. Jioni moja kisiwani, mimi nikiwa likizo, Komeo aliwahesabu wageni wakipanda boti, wakatimia. Kisha akarudi mchangani mara moja kufuata ndala ya mtoto iliyosahaulika. Nahodha akauliza kama watu wote wamo, wageni wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamo, boti ikang'oa nanga. Mwenye kuhesabu watu hakuwa na wa kumhesabu. Asubuhi walimkuta kwenye gati la kisiwani, ufuo mzima umeokotwa takataka, ndala mkononi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba nyota za kule ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Nahodha akifika hapo huacha kucheka, kwa sababu anajua kwamba usiku ule hakuna aliyeuliza Komeo yuko wapi. Ofisi ilikuwa imefungwa, na chumbani kwake hakukuwa na mtu wa kushtuka.

Turudi kwa binti. Mama yake alifariki yeye akiwa ndiyo kwanza anaanza shule, akalelewa na mama yake mdogo huko bara. Asiyeijua kazi hii atauliza kwa nini baba hakumfuata wakati wa likizo. Likizo za shule ndiyo mavuno yetu. Watoto wa watu wanapofunguliwa, sisi ndipo tunapofungiwa kazini. Komeo aliwabeba mgongoni watoto wa wageni kuvuka vijito vya msituni, na wa kwake akawa anakulia kwenye simu. Matumizi alituma, hilo hakukosa. Kila mwaka aliahidi pia kumleta aone visiwa. Bahari kweli haikuhama, ila mtoto alikua, akaolewa, akazaa.

Mwaka jana alikwenda kwa binti huyo kukaa wiki mbili, aonje kustaafu kulivyo. Wiki haijaisha, tukamwona gatini anapanga majaketi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Komeo alikuwa amedai jembe lake siku ya kwanza. Wakienda sokoni alitembea nyuma ya wote. Chakula kikiiva alisimama mpaka kila mtu apate. Kitanda alichotandikiwa alikisogeza mlangoni. Binti alimwambia, baba, hapa si msituni. Akajibu sawa, mwanangu, na akaendelea kusimama. Aliporudi alinipa maelezo yaliyokuwa marefu kwa kipimo chake: "Pale mimi ni mgeni, Redio, na kazi ya mgeni siijui."

Basi tukajua ndiyo imetoka hiyo. Chumba cha kupanga alikuwa ameshakiona, na dirisha lake alikuwa ameshalipima pazia.

Jumamosi iliyopita ilikuwa safari yake ya mwisho ya kufunga mstari. Asubuhi gatini, miongoni mwa wageni walioshuka kwenye basi, alikuwepo mwanamke mwenye gauni la mshono safi, amemshika mkono mtoto wa kike. Alikuwa amejiandikisha kama mgeni mwingine yeyote, na hakumwambia mtu. Komeo alimtazama, akamtazama na mtoto. Kisha akampa jaketi la kuokolea na kumwelekeza jinsi ya kukaza mikanda. Hivyo ndivyo alivyomkaribisha mwanawe.

Kisiwani mjukuu aliingia majini na wenzake akapiga kelele zake zote. Mama yake hakuingia. Aliketi upande wa pili wa viatu, akimtazama baba yake anavyovipanga. Nilipita pale mara mbili kwa udaku wangu wa kawaida, nikaondoka bila habari.

Mchana tukaingia msituni. Nilitangulia na mjukuu mkononi, anauliza maswali kuliko wageni wote. Kona ya kwanza nilipiga mluzi, nikajibiwa. Ya pili nikajibiwa. Ya tatu, kimya. Nikapiga tena, kimya. Tangu nianze kazi hii jambo hilo halikuwahi kunipata. Nikawageuza wageni wote tukarudi tulikotoka.

Tulimkuta binti ameketi kwenye mzizi mkubwa kando ya njia, na baba yake amesimama hatua chache nyuma yake, mikono mgongoni. Nikadhani mguu umeteguka. Mguu ulikuwa mzima. Alikuwa anamtaka baba yake apite, atembee mbele yake. Komeo alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani, kazi ina sheria, na yeye hajawahi kumwacha mtu nyuma.

"Mimi uliniacha, baba," binti alisema. Hakupaza sauti. "Siyo kwa ubaya, najua. Lakini uliniacha. Sasa pita mbele, nikuone."

Wageni waliinamisha vichwa. Mimi nilimvuta mjukuu karibu yangu. Komeo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu akampita. Ilikuwa hatua moja tu, na aliipiga kama mtu anayekanyaga ubao asioujua kama utambeba. Alikuwa analia na hakujificha. Njia yote iliyobaki alitembea mbele ya binti yake, na kwa kuwa hakuzoea kuwa na mtu mgongoni, aligeuka kila baada ya muda kidogo. Kila alipogeuka binti alimwambia, "Nipo, baba."

Haya ya msituni nimeyaandika kwa idhini ya wote wawili. Komeo alisema niandike, ila nisirefushe.

Jumatatu alirudisha ufunguo wa chumba cha gatini na akamwambia mwenye nyumba ya kupanga kwamba amtafutie dirisha lile mtu mwingine. Leo jioni, sherehe ikimalizika, anapanda basi la bara na binti yake na mjukuu wake. Nimeambiwa mjukuu ameshamtengea kiti cha dirishani na hataki mjadala.

Nasi tumefurahi, jamani, tumefurahi kweli. Lakini wasifu ukiandikwa na aliyebaki, lazima nalo la aliyebaki liwemo. Komeo alizoea kunitania kwamba kutangulia si kufika, nami nilizoea kucheka. Ofisi imesema mtu wa kufunga mstari atapatikana. Kwa sasa nimepewa redio ya mkononi ya kuzungumza na watu wa geti, na kila mtu hapa kazini amekwisha kulifanyia mzaha hilo, Redio kapewa redio. Juzi nilipeleka kundi msituni. Kwenye kona nikapiga mluzi kwa mazoea, na mgeni mmoja akaniuliza ninamwita nani. Nikamwambia ni ndege. Tuliendelea kutembea, watu kumi na kitu nyuma yangu, wananisikiliza vizuri kabisa, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa peke yangu. Nimeona niliandike hapa, kwa kuwa nikilisema ukumbini sitalimaliza.

Kwa niaba ya manahodha, madereva, wapishi na waongozaji wote, na kwa niaba ya wageni wasiohesabika waliotoka msituni salama bila kujua ni kwa sababu ya nani, asante sana, kaka. Hukumpoteza hata mmoja.

Katika shughuli kama hizi mstaafu huombewa mapumziko na utulivu. Wewe utulivu umeupata wa kutosha, umekaa nao miaka na miaka katika chumba kile. Tunakutakia nyumba yenye kelele, mlango usiokwisha kugongwa, na mtu wa kukuuliza kila jioni mbona umechelewa.