Meno Arobaini na Mawili

Binti: Baba, meno matano ya mbwa yameingia kwenye bomba la sinki la shangazi.

Baba: Haloo? Ni nani?

Binti: Ni mimi, Baba. Shikamoo.

Baba: Marahaba. Sema kwa nguvu, niko ndani ya chemba ya maji machafu, mtandao unakuja na kupotea. Meno ya nani?

Binti: Ya mbwa.

Baba: Mbwa kamng'ata shangazi yako?

Binti: Hapana, mbwa alishakufa. Meno yake ndiyo yako bombani. Na saa nane nina mtihani nayo.

Baba: Ngoja nipande juu. Hili si jambo la kusikilizwa mtu akiwa amesimama kwenye mavi.

[mikwaruzo ya mtandao]

Baba: Haya. Anza mwanzo. Mbwa gani?

Binti: Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapewa kichwa cha mnyama. Unakichemsha mpaka nyama itoke, unasafisha mfupa, unapeleka fuvu mezani. Mwalimu anakuuliza kila tundu na kila—

Baba: Kichwa kizima? Na macho?

Binti: Na macho. Na ulimi.

Baba: Aka!

Binti: Mwenzangu kapata mbuzi. Mimi nikaangukia mbwa.

Baba: Mimi uliponiambia udaktari wa mifugo nilidhani ng'ombe. Unampiga sindano, anapona, unaosha mikono, unakuja nyumbani.

Binti: Ng'ombe tunaye. Yuko kwenye meza ya zege, hana ngozi. Tunamchambua watu sita, mafuta yake yanaingia ndani ya glavu yanaganda kama mshumaa. Na ile dawa ya kumzuia asioze inakaa kwenye nywele, Baba. Naoga, nanuka. Nikila biskuti naionja dawa. Mimi hii shule nilikuwa nataka kuia—

Baba: Turudi kwenye meno.

Binti: Mbwa mzima ana meno arobaini na mawili. Mwalimu anayahesabu kwa ncha ya kalamu. Tunamwita Bwana Fomalini, maana hiyo ndiyo dawa yenyewe, na yeye ananuka hivyohivyo hata akitoka likizo. Kila jino lisilokuwepo anakata alama mbili. Na mtihani wa misuli nilishaanguka.

Baba: Si ulisema umefanya vizuri?

Binti: Nilisema nimefanya. Nikikosa meno mawili bado naponea. Nikikosa matatu, nakuja nyumbani na sanduku langu. Leo asubuhi nimehesabu. Thelathini na saba.

Baba: Na yaliingiaje bombani? Yana miguu?

Binti: Ukichemsha, fizi inalegea, yale madogo yanadondoka. Nikamwaga maji kwenye sinki bila kuchuja. Tangu Jumamosi linavuta kwa shida, leo limegoma kabisa. Maji yamesimama, juu yana mafuta na manyoya—

Baba: Manyoya! Jikoni kwa dada yangu!

Binti: Baba, wewe mwenyewe dakika hii umetoka kwenye mavi.

Baba: Mavi ya watu nayajua. Miaka ishirini na sita nayashika. Yanaoshwa kwa sabuni, yanakwisha. Mbwa wa kuchemshwa ni uchafu wa aina nyingine. Shangazi yuko wapi?

Binti: Kazini, kwenye cherehani zao. Saa saba anarudi kula. Sasa ni saa sita na robo.

Baba: Basi acha kulia.

Binti: Silii. Ni harufu.

Baba: Fungua kabati la chini ya sinki. Umeona bomba limepinda kama kiwiko?

Binti: Nimeliona.

Baba: Hapo kwenye kiwiko maji hubaki siku zote. Kitu kizito kikifika hapo kinalala. Meno yako yamo humo. Weka ndoo chini, halafu shika ile nati kubwa ya juu—

Binti: Ndoo ina nguo. Nimeweka sufuria.

Baba: Unaweka sufuria ya chakula chini ya bomba chafu? Umelelewa wapi wewe?

Binti: Hii haina neno. Ndiyo niliyochemshia.

Baba: Ya shule.

Binti: Nati nimeishika.

Baba: Nimesema, ya shule?

Binti: Shuleni tuna debe moja, Baba, watu tulikuwa kwenye foleni, na kichwa kilikuwa kimeanza kuharibika. Jumamosi shangazi alikuwa safarini. Nikatumia sufuria yake kubwa. Hii yenye mkono wa waya.

Baba: Huo waya nimeufunga mimi.

Binti: Ndiyo.

Baba: Kwa koleo langu.

Binti: Ndiyo, Baba.

Baba: Sufuria ya Jumapili.

[mikwaruzo]

Binti: Baba? Uko hapo?

Baba: Nilikula sahani mbili.

Binti: Niliiosha mara saba. Majivu, chumvi, sabuni ya unga, nikairudia na—

Baba: Nikamwambia dada yangu, leo mchuzi umeuweza. Nikakwangua.

Binti: Kwa mwiko.

Baba: Nikakuuliza, mama, mbona huli? Ukasema tumbo. Ukakaa mbele yangu, mikono mapajani, unanitazama natafuna.

Binti: Nilitoka kuoga nikakuta shangazi karudi, ameshabandika! Na wewe ulikuwa mlangoni unabisha hodi. Ningesema nini?

Baba: Ungesema, hapo alikuwemo mbwa. Maneno matatu! Mtoto wa chuo kikuu anakosa maneno matatu!

[sauti ya mtu anatema mate, tena, na tena]

Binti: Baba, unatapika?

Baba: Niko kazini. Mimi kazini sitapiki. Zungusha nati. Kushoto.

Binti: Imekaza.

Baba: Shika kwa kitambaa. Tia nguvu, usiishike kama unasalimiana nayo.

Binti: Inalegea... inalege— aaah! Mungu wangu! Imemwagika yote! Mpaka kwenye mkono wa shati!

Baba: Ndivyo inavyofanya. Sasa toa kiwiko, kimimine kwenye sufuria.

Binti: Hakimiminiki. Kuna kitu kimeziba, kama uji, cha kijivu na—

Baba: Rangi usiniambie.

Binti: Kinateleza kama—

Baba: Na utelezi usiniambie! Ingiza kidole.

Binti: Siwezi.

Baba: Ulimtoa mbwa macho ukaweza.

Binti: Yale nilivaa glavu!

Baba: Wewe ingiza kidole, mimi nafumba macho huku. Tumegawana.

Binti: Nimeingiza. Ee, Baba, bado ni ya vuguvugu.

Baba: Ni maji ya jua tu, bomba la nje linapigwa na jua. Vuta.

Binti: Kuna kitu kigumu. Moja! Jino la mbele! La pili hili, limeng'ang'ania manyoya. La tatu, gego dogo. Nimefika, Baba! Arobaini!

Baba: Usisimame. Chokoa.

Binti: La nne. Hili pia la mbele. Arobaini na moja.

Baba: Na la tano?

Binti: Kiwiko ni kitupu. Nimekitazamia kwenye mwanga.

Baba: Chukua waya wa kuanikia nguo, upinde ncha, ingiza kwenye bomba la ukutani. Taratibu.

Binti: ... Mafuta tu. Hakuna.

Baba: Lipi hilo lililokosekana?

Binti: La mwisho kabisa, taya ya chini, kushoto. Dogo kuliko yote. Halifiki punje ya hindi.

Baba: Hiyo sufuria.

Binti: Ndiyo?

Baba: Pale mkono uliposhikilia, upande wa ndani. Ribiti moja, ule msumari wa kushikiza mkono, ilitoka. Nilipofunga waya niliacha tundu, nikasema halivuji, lakini ni shimo. Umelisugua?

Binti: Kidole hakiingii.

Baba: Punje ya hindi inaingia?

Binti: Inaingia.

Baba: Jino limo sasa hivi?

Binti: Halimo.

Baba: Jumapili, sahani ya pili, kuna kitu—

Binti: Baba, usiseme.

Baba: Sisemi.

Binti: Tafadhali.

Baba: Si nimesema sisemi? Yagundishe hayo manne. Yakauke vizuri, fuvu lisije likamtemea mwalimu meno mkononi. Kiwiko ukirudishe kama kilivyokuwa, nati uikaze kwa mkono tu, usitumie koleo, utaipasua.

Binti: Baba, geti! Shangazi huyo!

Baba: Saa saba tayari?

Binti: Bado! Kawahi! Baba, nikupe uongee naye, ni dada yako, wewe anakusi—

Baba: Mimi nina chemba ya watu iko wazi. Utamwambia wewe. Yale maneno matatu.

Binti: Baba, salio langu lina—

[simu inakatika]

[saa kumi na moja jioni]

Baba: Haloo? Ni nani?

Binti: Mimi tena, Baba. Naongea haraka, nimeazima simu ya mwenzangu. Yule wa mbuzi.

Baba: Sema.

Binti: Mwalimu alihesabu mara mbili. Akasema, binti, hapa ni arobaini na moja, jingine umelipeleka wapi?

Baba: Ukasema?

Binti: Nikasema limepotea wakati wa kutayarisha.

Baba: Vizuri. Hapo umejibu kama mtu mzima.

Binti: Akaniuliza matundu yote ya mishipa, nikataja. Nimepita, Baba. Kwa alama mbili.

Baba: Umepita.

Binti: Ndiyo.

Baba: Basi vizuri, daktari. Mchana ulitaka kuniambia kitu, ulianza, hii shule ulikuwa unataka ku... nikakukata.

Binti: Nimesahau.

Baba: Hata mimi nilidhani utasahau. Shangazi je?

Binti: Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli ya jikoni akavua viatu, akatazama ile sufuria muda mrefu. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole.

Baba: Anahesabu nini?

Binti: Jumatatu alibeba mchuzi uliobaki, akaupeleka kazini.

Baba: Kwa nani?

Binti: Kwa mafundi wenzake. Walimsifu. Mmoja alimwomba amwelekeze alivyopika.

Baba: Wako wangapi?

Binti: Sita. Na mwenye karakana, saba. Baba, kasema nitafute pa kuishi, mwisho Ijumaa. Sufuria ameitupa jalalani, na mwiko, na kitambaa cha mezani ambacho hata hakikuguswa. Kesho anaingia kazini akawaambie. Anasema hajui ataanzaje.

Baba: Njoo ukae kwangu.

Binti: Kwako na chuo ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Baba: Utasoma njiani. Nyama hakuna, nakwambia mapema. Leo nimepita buchani nikavuka barabara.

Binti: Sitaki nyama.

Baba: Haya, tuone imetugharimu nini. Jino moja.

Binti: Baba—

Baba: Jino moja. Sufuria moja. Shati lako moja. Chumba kimoja. Dada yangu sahani moja, karakana yao watu saba, kila mmoja kibakuli. Mimi sahani mbili.

Binti: Mbili, na sufuria ukaikwangua.

Baba: Na nikaikwangua.

[simu inakatika]