Jina la Bure la Tokelau

Jumapili moja ya Novemba 2006, saa nne asubuhi, benchi la mbele ya duka la mashine za kufulia, Langley Park ughaibuni, lilikuwa na watu watatu na chupa moja ya kahawa. Chupa ni ya Khalfan, wanayemwita Balozi kwa kuwa anaendesha gari la ubalozi. Kando yake Ochieng, yaani Satelaiti, anayepiga deki kituo cha anga kule Greenbelt na kwa hiyo anajua kila kitu. Wa tatu ni Anatoli wa Uvira, aliyekuwa amekata tamaa. Julai, Khalfan alimtengenezea ukurasa wa intaneti wenye picha na namba ya simu, ili mdogo wake Boniface, waliyepotezana naye vitani, ampate. Mchungaji mmoja akaenda kuibandika anwani kwenye ubao wa kanisa, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, walikokimbilia watu wa Uvira. Jana Anatoli kaufungua ukurasa kwenye kompyuta ya maktaba, kakuta matangazo ya kamari.

— Hiyo jina ya page mlitoa wapi, kwanza? — Ochieng aliuliza.

— Tokelau, — Khalfan alijibu. — Visiwa vitatu vidogo huko Pasifiki, watu elfu moja na mia tano. Majina yao ya intaneti yanatolewa bure.

— Bure? Balozi, uliingizwa box, ukadanganywa! Hiyo island imezama. Kompyuta zote zimelowa maji.

— Kompyuta haziko kisiwani, bwana.

— Basi wameuzwa, watu na minazi yao! Wenye kamari wame-buy nchi mzima, wacha nikushow.

— Papa Ochieng, acha, — Anatoli alisema. — Mimi niko na souci, wasiwasi mingi. Petit wangu, mdogo yangu, atafungua, atasema grand frère, kaka yake, amepotea.

Khalfan alimimina kahawa bila kumtazama.

— Walinitumia imeili. Jina la bure likikaa siku tisini bila wageni, wanalichukua, wanaweka matangazo yao.

— Bila wageni? — Ochieng aliruka. — Na sisi? Si uli-print hiyo page ukatugawia? Yangu iko kwa fridge!

— Karatasi haihesabiwi, ndugu yangu. Anahesabiwa anayefungua.

Anatoli aliona aibu. Hata yeye, kabla ya jana, aliogopa kuufungua ukurasa asije akauharibu. Kila Jumapili walipokezana karatasi, wakasifu picha, wakaondoka wameridhika.

Rosemary, nesi wa Moshi, alikuwa ametoka na kapu lake la nguo akisikiliza.

— Samahanini, kaka zangu. Siku tisini, hajafungua hata mtu mmoja?

— Hata mmoja, dada. Sifuri.

— Kwa hiyo na huyo Boniface hakufungua?

Khalfan akainama. Anatoli alijitafutia jibu: pengine Boniface hakuuona ule ubao, pengine haendi kanisani. Moyo ukakataa. Tangu utoto wao Boniface hakukosa kanisa hata Jumapili moja, hata mwaka ule wa risasi; angekuwa hai, ubao angeuona. Anatoli akaanza kulia mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.