Mhuri wa "Imepokelewa"

Benchi la nje ya duka la mikate, katika mji mdogo wa jimbo la Thuringia, Ujerumani, lilikuwa limelowa, lakini watatu walilikalia vilevile. Gundula, mstaafu wa masijala ya mji, alishika kikombe bila kunywa. Kaka yake Wieland alikuwa amejifungia nyumbani na bunduki mbili za kuwindia. Alishatangaza, kwa barua ndefu ndefu kwa ofisi ya mji, kwamba Ujerumani si nchi, ni kampuni. Eti ndiyo maana kitambulisho kina neno "Personal", ambalo kwa Kijerumani ni pia wafanyakazi wa kampuni. Akarudisha kitambulisho. Sasa kibali cha bunduki kimefutwa, na polisi walikuwa waje kuzichukua saa nne asubuhi hiyo.

— Serikali impuuze tu, alisema Breki, aliyewahi kuendesha treni. Kelele za chura hizo.

— Chura ana bunduki? Kamusi, mwalimu wa zamani, alimkata. Wamjibu barua zake, kifungu kwa kifungu.

— Kurasa arobaini? Utakufa unasoma, mwalimu!

— Basi faini. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hatambui faini, mzee. Wamkubalie! Bustani yake iwe nchi. Wamwekee mpaka, mikate aifuate kwa viza.

— Na wewe uwe balozi!

— Si ndiyo? Maji yakimwagika hayazoleki, balozi aende mapema.

Wakacheka. Gundula hakucheka.

— Barua ya kwanza niliipokea mimi, alisema. Nikaigongea mhuri: imepokelewa. Yeye akasoma: imekubaliwa. Ameitia kwenye fremu, ameitundika ukutani.

— Ungemweleza, dada yangu, alisema Breki.

— Kulikuwa na foleni.

Breki akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Askari wa kike akavuka barabara, fulana ya kuzuia risasi imembana kifuani.

— Samahani. Nani ndugu yake Wieland?

Gundula akainua mkono.

— Tunataka atoke salama, mama. Jina la ukoo halitaki, anasema ni la kampuni. "Bwana" nalo halitaki. Tukifika mlangoni, tumwite nani ili aitike?

Gundula alilitafuta lile jina la utotoni, alilokuwa akiitwa na mama yao jikoni. Ikaja silabi moja, ikapotea. Miaka sita hawajasemezana.

Kengele ya kanisa ikagonga saa nne kasorobo.

— Twende, alisema Gundula, akiweka chini kikombe kilichojaa. Labda litanijia njiani.