Mikono Isiyopakwa Mafuta

Jambo la kwanza ambalo mwandishi wa wasifu huu alilitambua kwa shangazi yake, akiwa mtoto mdogo, ni kwamba hakuwa na harufu yoyote. Wanawake wengine wa ukoo walinukia marashi, sabuni na losheni. Huyu ukimkumbatia hunusi kitu. Mikono yake ilipauka kama imeshika chaki mchana kutwa. Kaka zake walimtania kwamba msomi mzima ameshindwa kununua kopo la mafuta. Yeye alicheka tu. Sababu yake ilikuwa ya kikazi, na itaelezwa hapa chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa mwisho na binti pekee wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma sekondari katika shule iliyo chini ya kilima, yenye kisima chake na bomba moja karibu na maabara. Baada ya kuhitimu shahada ya kwanza ya kemia alirudi palepale kufundisha, mwaka 1996. Wanafunzi wake wa wakati ule wanakumbuka kwamba ukimuuliza swali alijibu, "Twende tukapime."

Mwaka 2004 alianza masomo ya uzamivu. Yeye na watafiti wenzake walichunguza kemikali zinazotiwa katika nguo zisizopenya maji, vikaango visivyogandisha chakula na povu la kuzimia moto. Kemikali hizo haziozi. Zikishaingia ardhini, zimehamia, hazitoki. Zimo pia katika baadhi ya losheni na marashi, na kiasi kidogo tu kwenye kidole cha mtafiti kinatosha kuharibu kipimo. Kwa hiyo siku za kazi walivaa mashati ya pamba yaliyochakaa, wala hawakujipaka chochote. Wenzake walijifidia mwisho wa wiki. Yeye aliacha moja kwa moja, asije akasahau.

Kila safari walibeba chupa ya maji safi waliyoiita shahidi. Ilifunguliwa kisimani, ikafungwa, ikarudi maabara kupimwa pamoja na nyingine. Uchafu ukionekana ndani ya shahidi, basi umeletwa na watafiti wenyewe.

Siku moja mwaka 2006 mvua iliwakuta kazini. Dereva wa idara, mtu mpole wa maneno machache, alishuka garini mbio akamfunika marehemu koti jipya la mvua. Majibu yalipotoka, shahidi alikuwa mchafu, na sampuli zote za safari ile zikamwagwa. Marehemu alimfuata dereva hadi gereji ya chuo.

"Lile koti ulilitoa wapi?"

"Dukani. Nilikununulia wewe, naona kila siku unaloa."

"Limeniharibia kazi ya msimu mzima."

"Pole sana, mwalimu. Sasa mvua ikinyesha nifanye nini?"

"Uniache nilowe. Ukinionea huruma, njoo tulowe wote."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2007. Mzee wetu yupo hapa leo, na anathibitisha kwamba ameloa vya kutosha.

Utafiti wake, uliompatia shahada ya uzamivu mwaka 2009, ulionyesha kwamba maji ya shule yake mwenyewe yalikuwa na kemikali hizo. Zilitiririka kutoka uwanja wa juu kilimani, ambako wazima moto walifanya mazoezi na povu lao enzi ambazo hakuna aliyejua madhara yake. Bomba likafungwa kwa kufuli. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe umejipatia shahada, sisi umetuondolea maji."

Alijibu, "Nitayarudisha."

Ahadi ni deni. Alipokuwa mhadhiri, na hata alipopata binti, hakuliacha neno hilo. Wanafunzi walibeba vidumu vya maji kutoka nyumbani na kumwita Mama Chupa, na si wote waliomwita hivyo kwa upendo. Udongo wa uwanja ulichimbwa ukaondolewa, na matangi ya mkaa wa kuchujia yakafungwa kisimani. Sharti lilikuwa maji yafaulu vipimo vitatu mfululizo. Mwaka 2019 yalifaulu cha kwanza, yakaanguka cha pili. Siku hiyo alirudi nyumbani akajifunika shuka gubigubi. Kesho yake alianza upya. Mwaka jana yalifaulu viwili.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024. Alipolazwa mwezi Juni, wifi yake, ambaye ni mama wa mwandishi, alikuja na losheni, akaanza kumkanda mikono bila kuomba ruhusa.

"Wifi, hii inanukia nini?"

"Waridi."

"Kumbe ndizo raha mnazokula miaka yote, mimi mnaniangalia tu."

"Tulisema, hukusikia."

Alinyoosha na mkono wa pili. Kisha akamwita binti yake. "Mimi nimeshapakwa, mwanangu. Siwezi tena kugusa chupa. Kipimo cha tatu ni chako."

Asubuhi ya safari ya kisimani binti alioga kwa maji matupu, akavaa shati la pamba la mama yake, akapita wodini kuaga pamoja na mmoja wa watafiti wa zamani. Mama alimnusa nywele, shingo, viganja, bila kumgusa. "Hunuki kitu," alisema kwa kuridhika. "Nenda."

Alifariki tarehe 19 Juni 2024 alfajiri, usingizini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Ulikuwa laini, na ulinukia waridi.

Ameacha mume, binti, kaka wawili, wifi, watoto wa kaka zake, watafiti wenzake, na wanafunzi ambao hadi leo wakiulizwa swali hujibu, "Twende tukapime."

Majibu ya kipimo cha tatu yanatoka Alhamisi. Shahidi alipelekwa pamoja na sampuli, kwa hiyo tutayaamini vyovyote yatakavyokuja. Mwalimu mkuu wa sasa ameshalitia kufuli mafuta ili lifunguke bila tabu, na binti ameshachagua kikombe.

Pumzika kwa amani, shangazi. Simu ya maabara ikilia, tutakuja hapa kukwambia.