Maisha ya Daktari Weka Sahihi

Ndugu zetu mliokuja kutufariji, mimi ni dada yake mdogo, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, na nikikwama mnivumilie.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akaanza shule mwaka 1966, akahitimu udaktari mwaka 1984, kisha akabobea katika magonjwa ya ndani. Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991 alimwonya mgonjwa asichanganye dawa ya kuzuia damu kuganda na dawa za maumivu, ila hakuandika kwenye faili, mgonjwa akazichanganya, akavuja damu, akafariki, na kwa miaka miwili kaka aliitwa mbele ya kamati, akiambiwa lisiloandikwa halikusemwa. Walimsafisha, lakini hofu haikumtoka tena. Ndipo akatunga mwongozo wa wodi, kwamba hakuna kipimo wala tiba ya hatari mpaka daktari bingwa mwenyewe amweleze mgonjwa madhara yote, na mgonjwa atie sahihi mbele yake. Wauguzi wakambandika jina la Weka Sahihi, naye akalipenda, maana hata mabinti zake wakitaka kwenda kuogelea aliwataka watie sahihi kwanza, na hadi anastaafu mwaka 2018 wodi yake haikupata lalamiko hata moja.

Jumatatu tarehe 3 Juni 2024 alitapika damu, akalazwa wodi ile ile, ikatakiwa aingizwe kamera tumboni ili kidonda kizibwe. Bingwa alikuwa safarini hadi Alhamisi. Daktari wa zamu, mama aliyefundishwa na kaka mwenyewe, kazi hiyo anaiweza, akamsihi, kaka akakataa katakata, akisema mwongozo unataka bingwa, nikifia mikononi mwako watakumaliza. Jamani, nilimpigia magoti! Damu ikaongezwa chupa baada ya chupa, tukakaa tumekizunguka kitanda, mlango uko wazi na hatuna pa kutokea. Alifariki Alhamisi saa tatu asubuhi, bingwa akiwa bado njiani.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake wote. Tumesikia huko hospitalini watu hawalali, wakidhani tutashtaki. Hatumshtaki mtu. Daktari wa zamu, umesimama getini tangu asubuhi, ingia mama, kaka alikufa akikukinga wewe, nami kwa hilo nimemkasirikia hadi sasa, lakini kosa si lako, njoo ukae na sisi wafiwa.

Kaka yangu mbishi, pumzika kwa amani.