Torbjørg Haukeland na Ngozi Isiyofuta

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, Torbjørg Haukeland anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya kamusi ya Kinorwe hapa Bergen. Aliingia kama msomaji wa prufu. Anatoka akiwa mhariri mkuu.

Wageni wa ofisi humwogopa kwa swali lake moja: "Una uhakika?" Wasichojua ni kwamba wa kwanza kubanwa na swali hilo alikuwa yeye mwenyewe, mwaka tulipochapa juzuu la herufi V.

Humo mlikuwa na neno *viskelær*, yaani kifutio. Ni maneno mawili yaliyoungana: kufuta na ngozi. Torbjørg aliandika kwamba zamani watoto wa shule walifutia vipande vya ngozi, na redioni akalisema hilo kwa madaha. Asubuhi ya kuchapa, tukinywa kahawa, wasiwasi ukamshika. Akachukua buti lake kuukuu, akalikata ulimi kwa mkasi, akasugua mstari wa penseli. Karatasi ikawa doa tupu.

"Makubwa! Huko si kufuta, ni kupaka," akacheka Sunniva wa maktaba.

Torbjørg hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Ragnvald, mkurugenzi wetu wa wakati huo.

"Mashine zimeshawashwa, Torbjørg! Tukichelewa, wafadhili watatukimbia."

"Basi zizimwe. Niliyekosea ni mimi."

Akapewa hadi Jumatatu. Kwa kuwa neno lilitujia kutoka Kidenmaki, yeye na Sunniva walijifungia na maandishi ya zamani ya huko. Jumapili wakapata jibu: wafanyabiashara waliiita raba yenyewe "ngozi", kwa kuwa ilikuwa ngumu, ya kahawia, na inakunjika. Hakuna ng'ombe aliyechunwa! Torbjørg aliketi sakafuni, akacheka mpaka machozi. Ragnvald alileta maandazi ya mdalasini, akala matatu peke yake kwa kushusha pumzi. Juzuu likatoka safi, wafadhili wakabaki, na Torbjørg akarudi redioni kujisahihisha bila kuumauma maneno.

Machi mwaka huu amefunga neno la mwisho la herufi Å, inayofunga alfabeti yetu, na kamusi imekamilika. Tulitarajia hotuba. Alivua miwani, akajinyoosha, akasema: "Jamani, sasa naweza kukosea kwa raha."

Asante kwa yote, Torbjørg. Kosea utakavyo, na siku zako ziwe njema.